Kila Mtu Aonekane Mara Mbili

Saa kumi na nusu alfajiri ziwa halionekani. Zinaonekana taa tu, ndogo, nyeupe, zikisogea polepole kuelekea nchi kavu, na makasia unayasikia kabla hujauona mtumbwi. Nilikuwa kwenye ufuo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Siaya, ambao jina lake nitalihifadhi. Akina mama kama thelathini hivi walikuwa wameketi juu ya makarai waliyoyafudikiza mchangani, leso wamejifunika mpaka shingoni kwa baridi, wakipiga gumzo la chini chini. Hakuna aliyesinzia. Omena, dagaa wetu wa ziwani, haimngoji mtu. Ikikosa kuanikwa jua la asubuhi, kufikia jioni umebaki na chakula cha kuku.

Mtumbwi wa kwanza ulipogusa mchanga, akina mama wale hawakuukimbilia. Walibaki wameketi, isipokuwa mmoja aliyekuwa amefika mwisho kabisa, ndio kwanza anashuka kwenye boda boda huku akimalizia mandazi. Alipandisha leso, akaingia majini mpaka magotini, akainua karai, nalo likajazwa. Akalipa. Nasema akalipa kwa sababu noti zilihesabiwa mbele ya macho yangu, zikatiwa ndani ya kofia ya mvuvi. Likajazwa karai la pili. Nilimuuliza mama mzee niliyekuwa nimekaa karibu naye kwa nini yeye hainuki. Alinitazama vile wanavyotazamwa watu wa mjini.

"Nyathina, boti ile ina wenyewe. Yule ana jaboya pale."

"Na wewe, mama?"

"Wangu alihama na omena." Akacheka mpaka akakohoa.

Jaboya ni neno ambalo mtu wa Kisumu, Homa Bay au Mbita hahitaji kufafanuliwa. Ni mvuvi, na pia ni mpango wenyewe kati ya mvuvi na mwanamke anayenunua samaki wake. Sikio la Mswahili husikia boya ndani yake, kile chelezo kinachouzuia wavu usizame, na nadhani sikio halikosei sana. Wageni huandika kwamba wanawake wa ziwani wanatoa miili badala ya pesa. Si kweli, na ndiyo maana nimezitaja zile noti. Pesa inalipwa kama kawaida. Kinachonunuliwa kitandani ni zamu: kuhakikishiwa kwamba mtumbwi ukifika, karai lako ndilo la kwanza.

Usiku wa kuamkia safari hiyo nilikuwa nimetazama, kwenye kompyuta, baada ya stima kurudi, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1950 inayoitwa La Ronde, yaani ngoma ya duara. Aliyeiongoza ni Max Ophüls, Myahudi mzaliwa wa Saarbrücken aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani. Mambo yanatokea Vienna mwaka 1900. Kuna watu kumi na mapenzi kumi. Kahaba anakutana na askari, askari na mtumishi wa ndani, mtumishi na kijana wa kitajiri, kijana na mke wa mtu. Mke anarudi kwa mumewe, mume anakwenda kwa msichana wa mtaani, msichana kwa mshairi, mshairi kwa mwigizaji, mwigizaji kwa kabaila mwenye upanga kiunoni. Kabaila, baada ya kulewa usiku kucha, anaamka kwenye chumba cha yule kahaba wa mwanzo. Duara limefungwa.

Katikati ya haya yote anapita msimulizi mwenye joho na kofia, uso wa Anton Walbrook, anayezungusha bembea ya farasi wa mbao. Bembea ikizunguka, mapenzi yanakwenda. Kijana wa kitajiri anaposhindwa kazi mbele ya mke wa mtu, bembea nayo inaharibika, na msimulizi anaonekana akihangaika na mitambo. Baadaye, mambo yanapopamba moto kati ya mwigizaji na kabaila, msimulizi huyohuyo anashika mkasi na kukata mkanda wa filamu, akiwafanyia wakaguzi kazi yao kabla hawajafika. Nilicheka peke yangu sebuleni. Kisha asubuhi nikaenda ufukweni nikamwona mama wa mandazi, na kicheko kikageuka kuwa swali ambalo halijanitoka mpaka leo.

Sisi tuna duara letu. Tunalo miaka mingi. Mbona hatujawahi kulitazama namna ile?

Filamu ile ilitoka kwenye tamthilia ya Arthur Schnitzler wa Vienna, aliyeiandika majira ya baridi ya 1896 na 1897. Schnitzler alikuwa daktari, mtoto wa daktari. Daktari wa zama zile alijua vizuri ni nini kinachotoka kwa kahaba kwenda kwa askari, kwa mtumishi, kwa kijana, mpaka kwenye kitanda cha mke wa mtu mwenye heshima zake. Kaswende haikuwa na tiba ya maana wakati ule. Penisilini ilikuja zaidi ya miongo minne baadaye. Lakini duara zima linazunguka bila ugonjwa huo kusimama jukwaani ukajitangaza. Kwenye kitabu tendo lenyewe limewekewa mstari wa vistari, nawe unaruka kutoka kabla hadi baada. Ophüls naye, nusu karne baadaye, aliuacha ugonjwa nje kabisa, akabakiza muziki wa waltz wa Oscar Straus na nyuso za watu.

Unaweza kumlaumu. Mimi nimemlaumu kidogo. Mtu aliyewazika wenzake wa darasani kwa UKIMWI miaka ya tisini, kama sisi wa kizazi changu huku Nyanza, hawezi kuitazama bembea ile bila kujua kinachopanda nayo. Hata hivyo kosa la Ophüls ni dogo kuliko letu. Yeye aliuficha ugonjwa akatuonyesha watu. Sisi tumeuonyesha ugonjwa kwa miaka thelathini, watu tukawafukia chini yake.

Hili nalisema nikiwa mmoja wa waliokosa. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja wa afya ulinipa kazi ya kuandika mchezo wa redio kuhusu wavuvi na wachuuzi. Niliandika mwanamke mmoja mcheshi, mwenye ulimi mkali, aliyekuwa na mume nyumbani na jaboya ufukweni, na aliyejua hesabu kuliko wote wawili. Nilimpenda. Rasimu ilirudi na wino mwekundu: mwanamke afe kipindi cha sita, mume atubu, mvuvi aende kliniki. Nilimuua. Nilihitaji karo ya watoto. Mchezo ulirushwa hewani, na mama mmoja wa Nyalenda aliniambia kwamba alikuwa akizima redio kila ulipofika, kwa maana, alisema, "najua tu mtamuua."

Alijua kwa sababu hadithi ni ileile siku zote. Mwanamke anaonekana mara moja, yuko ufukweni, yuko hoi, kisha anaugua. Mvuvi anaonekana mara moja, amelewa. Dereva wa lori mara moja. Wanageuzwa pete za mnyororo, na pete haina mama yake, haina mzaha wake, haina siku yake ya kupendeza.

Hapo ndipo ufundi wa Schnitzler ulipo, na nimechukua muda kuuona. Katika duara lake kila mtu huonekana mara mbili, na mara ya pili si yule wa kwanza. Askari anayemkimbia kahaba bila hata shukrani ndiye huyohuyo anayembembeleza mtumishi kwenye dansi. Mume anayelala kitanda cha pembeni akimhubiria mkewe juu ya wanawake walioanguka, tunamkuta usiku mwingine kwenye chumba cha faragha cha hoteli akimnywesha msichana mdogo divai. Mke anayesikiliza mahubiri yale kwa unyenyekevu, tumeshamwona saa chache nyuma akivua kofia yenye utaji nyumbani kwa kijana. Bwana wa pazia la kwanza ni mwombaji wa pazia la pili.

Sasa mchukue mama wa mandazi. Ukimwacha pale majini, leso magotini, umepata picha ya bango. Mfuate. Saa tatu asubuhi ameanika omena wake juu ya nyavu kuukuu, na amemwajiri binti wa kuwafukuza kunguru na kuku. Jumapili yuko soko la Kibuye na gorogoro lake, anapima kwa mkono unaojua kulijaza hata lionekane limefurika, na wanaume wazima wanasimama mbele yake wakimwomba aongeze kidogo, mathe, ongeza kidogo tu. Ana watu wanaodaiwa naye. Ana chama cha akina mama ambamo ndiye mweka hazina. Mvuvi aliyemjazia karai alfajiri kwa maringo, jioni yuko kwenye hoteli ya mabati anamsihi msichana wa kuleta chai amwandikie deni, kwa kuwa mwenye mtumbwi amekata mafuta, amekata nyavu, amekata betri za taa, na fungu lililobaki ni la chapati mbili. Bango lenye picha moja halina nafasi ya mambo haya.

Sisemi ugonjwa ni hadithi ya kutungwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini Kenya walikuwa asilimia 4.9. Homa Bay walikuwa asilimia 19.6, Kisumu 17.5, Siaya 15.3. Hizo ni kaunti za ufuo huu huu. Na duara si mfano wa washairi tu. Watafiti waliokwenda kisiwa cha Likoma, kwenye Ziwa Malawi, waliwauliza vijana wa vijiji kadhaa juu ya wapenzi wao, kisha wakaunganisha majibu. Matokeo yalitoka mwaka 2007: karibu nusu ya wale waliokuwa na wapenzi walikuwa ndani ya mtandao mmoja mkubwa, wengi wao bila kujua, kila mmoja akidhani anamjua mwenzake na labda yule mwingine mmoja.

Kenya nayo imejaribu kuusimulia mtandao huo. Mwaka 2009 runinga zetu zilionyesha Shuga, mchezo wa vijana wa Nairobi ambamo Lupita Nyong'o, kabla dunia haijamjua, alikuwa Ayira, msichana mwenye mchumba mmoja na mzee mmoja mwenye mfuko mzito. Ulikuwa mchezo mzuri kwa sababu Ayira alikuwa na tamaa zake, aliruhusiwa kukosea akiwa hai. Baba yake Lupita baadaye akawa gavana wetu hapa Kisumu, lakini kamera za Shuga hazikufika ziwani. Mwaka 2013 likaja tangazo la kondomu lililomwonyesha mke wa mtu aliye na mpango wa kando, shoga yake akimpa ushauri. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walilipinga kwa sauti moja, na likaondolewa hewani. Walisema linafundisha uzinzi. Nakumbuka nikiwaza kwamba tatizo la tangazo lile ni lingine: yule mama alikuwa anavutia, anacheka, na hakufa.

Tusiwacheke sana wakubwa wetu wa dini. Vienna na Berlin walifanya makubwa zaidi. Tamthilia ya Schnitzler ilipopanda jukwaani Berlin mwezi wa Desemba 1920, waigizaji waliishia mahakamani mwaka uliofuata, ingawa waliachiliwa. Vienna, Februari 1921, wahuni wa kisiasa waliovamia ukumbi walirusha mabomu ya uvundo na kumtukana mwandishi kwa Uyahudi wake. Schnitzler aliudhika mno hata akakataza tamthilia hiyo isichezwe tena kwa Kijerumani, na katazo likadumu mpaka mwanzo wa 1982. Filamu ya Ophüls nayo ilipigwa marufuku New York, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoiachilia mwaka 1954. Kumbe palipo na duara, palipo na heshima za watu zilizofungwa pamoja bila ridhaa yao, hasira ni zilezile. Kinachochoma ni mke wa mtu na kahaba kuonyeshwa kwenye mkanda mmoja, umbali wa hatua nne tu kati yao.

Turudi kwenye bembea, kwa sababu kuna jambo ambalo Ophüls hakulijibu. Nani anaizungusha? Kwake ni bwana mwenye joho, na tukimuuliza yeye ni nani, anajibu kwa tabasamu. Watu wake wanazunguka kwa upweke, kwa uchovu, kwa kutaka kupendwa kidogo kabla ya usiku kwisha. Mahitaji hayo yapo kila mahali, hata kisiwani Mfangano. Lakini bembea yetu ina mtambo unaoonekana kwa macho.

Mtambo huo ni samaki. Kwa desturi za ufuo huu mwanamke haendi kuvua, na mitumbwi ni ya wanaume. Kazi ya nchi kavu, kuanika, kukaanga, kuchuuza, ni ya wanawake. Basi tayari kuna mlango mmoja, na ufunguo uko upande mmoja. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila wavu. Vikaja viwanda vya kukata minofu, na minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Uti wa mgongo wenye kichwa ndio uliobaki kwetu, ukapewa jina la mgongo wazi, na akina mama wa Obunga wakajenga biashara nzima juu ya mifupa hiyo, wakiikaanga kwenye mafuta yanayotoa moshi mpaka barabarani. Jina hilo la mgongo wazi huwa linanifanya nitabasamu. Mtaa wetu una washairi ambao hawajui kwamba ni washairi. Samaki walipoanza kupungua na wachuuzi wakaongezeka, ufunguo ukapanda bei. Halafu wavuvi wenyewe hawatulii. Huhama ufuo hadi ufuo wakifuata samaki, na katika kila ufuo mpya kuna akina mama wenye makarai. Aliyehama na omena hakuhama peke yake. Alihama na mapenzi yake yote ya nyuma.

Hata mwezi umo. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa hazina kazi, wavuvi wanabaki nchi kavu wana pesa za siku zilizopita na hawana la kufanya. Muulize mwenye baa yeyote wa ufukweni. Kalenda yake ni ya mwezi mwandamo kama ya msikiti.

Na jina la mji wetu wa Kisumu lenyewe, wazee husema, limetokana na kisuma, ile safari ya kwenda kwa wenyeji wengine wakati wa njaa kubadilishana ulichonacho kwa chakula. Reli ilifika hapa mwezi wa Desemba 1901, Waingereza wakapaita Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi mmoja. Jina hilo halikudumu. Lililodumu ni lile la kubadilishana.

Wapo walioshika bembea wakajaribu kuigeuza. Ufuo wa Nduru, mwanzoni mwa miaka ya 2010, akina mama waliunda kikundi wakakiita bila kuficha No Sex for Fish, wakasaidiwa kupata mitumbwi yao wenyewe, kisha wakawaajiri wanaume kuvua. Fikiria pazia hilo: mwanamke yuko mchangani alfajiri, mtumbwi unafika, na safari hii mvuvi ndiye anayengoja kulipwa. Hiyo ndiyo mara ya pili ninayoizungumzia, na hakuna mwandishi aliyeitunga. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, maji yaliingia majumbani Nduru, watu wakahama. Waandishi wa nje walikuja wakati wa mitumbwi, wakarudi wakati wa mafuriko. Sijaona bado filamu ya Mkenya iliyokaa na akina mama wale katikati ya mambo hayo mawili, siku za kawaida, wakigombana juu ya nani aliiacha injini mvuani.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki na miradi mingi ya ukanda huu ilitikisika. Ni hasara kubwa, na sitaki kuonekana nikiishangilia. Kuna watu wanaoishi kwa sababu ya kliniki hizo. Hadithi ya kifo ilikuwa imeshapitwa na wakati kabla ya hapo: leo mtu anayemeza dawa zake mpaka virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenzake kitandani. Ninachosema ni kwamba waliokuwa wakilipia hadithi zetu za mapenzi, na kuamua nani afe kipindi cha sita, wamepunguza sauti. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuna ukimya ambao msanii anaweza kuutumia.

Ningekuwa na kamera, ningeanza na msimulizi. Ophüls alihitaji bwana wa joho kwa kuwa Vienna ilikuwa na bembea za farasi. Sisi tuna mpiga nyatiti. Katika thum ya Waluo, mtu yeyote mwenye noti mkononi anaweza kumsimamisha mpigaji katikati ya wimbo. Muziki unatulia, nyuzi zinabaki zikitetemeka chini chini, na aliyelipa anajisifu, au anamsifu mwenzake, kwa majina ya mafumbo: mkwe wa fulani, mtoto wa mto fulani, yule ambaye mahasidi walidhani amezama. Kisha muziki unaendelea hadi mwingine atakaposimama. Hiyo ndiyo pakruok. Wanaojua kusikiliza husikia ndani yake nani anamtamani nani, nani ameachana na nani, na nani anajigamba kwa mpenzi ambaye mumewe ameketi meza ya pili. Duara zima la mji linatajwa usiku mmoja, kwa noti, bila kumtaja mtu jina lake la kitambulisho. Hakuna mwongozaji wa Ulaya aliyepata kuwa na chombo kama hicho mkononi, nasi tunakitumia kwenye harusi na matanga tu.

Pakruok ndiyo itakayotuvusha kutoka pazia hadi pazia. Mchuuzi na mvuvi, tumewaona. Mvuvi na msichana wa hoteli Mbita. Msichana huyo na dereva wa lori la barafu linalopeleka samaki Gikomba. Dereva na nesi wa Ahero. Nesi na mwanafunzi wa Maseno anayemzidi maneno lakini si miaka. Mwanafunzi na mke wa mtu wa Milimani, na hapo gari litagoma kuwaka, badala ya bembea, huku askari wa getini akijitolea kulisukuma.

Kwa yule mke na mumewe ningekaa muda mrefu zaidi. Usiku, neti imeteremshwa, feni inazunguka. Mume ni mzee wa kanisa na mkubwa kwenye ofisi fulani. Anasoma habari kwenye simu, anafika kwenye ya jaboya, anatikisa kichwa.

"Wanawake wa ufukweni hawana haya, mama Achi. Kwa samaki tu!"

"Kweli, baba Achi."

"Wanatuharibia jina."

"Hata mimi nashangaa." Anavuta shuka. "Ile mbuta ya mchana ulisema umeinunua wapi?"

Kimya. Feni inazunguka. Kamera isiondoke. Najua mwongozaji mwenye papara atakata hapo akimbilie kicheko, asikate. Mume anazima simu, na katika giza tunasikia tu, "Nililetewa."

Waliobaki, mtangazaji wa redio, mwimbaji wa ohangla, mheshimiwa wa msimu wa kampeni anayegawa injini za mitumbwi ufukweni na kurudi kumtafuta mama wa mandazi kwa jambo ambalo si kura, nawaachia watakaoiandika. Wapo. Mji huu una vijana wanaopiga picha za harusi kwa ustadi ambao ungewashangaza watu wa Nairobi, na wanaolala na hati za filamu chini ya mto.

Wataniambia Bodi ya Filamu haitakubali. Huenda. Mwaka 2014 filamu Stories of Our Lives, ya vipande vitano vya mapenzi yasiyoruhusiwa, ilinyimwa kibali hapa nyumbani, na mwaka uliofuata ikatuzwa Berlin. Filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku mwaka 2018 ikiwa njiani kwenda Cannes; mahakama ikairuhusu siku saba tu, na siku hizo saba kumbi zilijaa watu. Wakaguzi wana sheria yao nao wataitumia. Msanii naye ana mkasi wa Ophüls, na lugha zetu zina mafumbo ya kutosha kupitisha ngamia mbele ya mkaguzi. Hakuna haja ya kuonyesha kitanda. Onyesha karai likijazwa.

Uvuvi wa omena upande wetu hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, ili samaki wazaane. Taa hurudi ziwani mwezi wa Agosti. Mwenye kamera aje wakati huo, usiku usio na mwezi, afike ufukweni kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mpiga nyatiti awe naye. Akimwona mama anayefika mwisho na kujaziwa kwanza, amwombe ruhusa, amlipe kama mwigizaji yeyote anavyolipwa, na asimuue.